Pigo la Tatu

Farasi nimemwona mara moja tu maishani, wa askari, kwenye maonyesho ya kilimo Kisumu, naye alikuwa amesimama anakula nyasi. Hilo halikunizuia kuwafundisha watoto wa darasa la sita, katika shule yetu karibu na Kombewa, jinsi farasi anavyokimbia. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa na neno gallop, na kamusi ya ofisini ilisema ni mwendo wa farasi anayekwenda kwa kasi yake yote. Maneno makavu hayo, nikasema. Nikawaagiza wagonge madawati kwa vifundo vya vidole: mapigo matatu ya harakaharaka, kupumua kidogo, kisha matatu tena. Walk, kutembea, ilikuwa mawili ya polepole. Kama nilikosea, hakukuwa na farasi wa kunisahihisha.

Watoto waliipenda gallop hiyo. Kila nikiingia walinipokea nayo, watoto arobaini, mpaka mabati yanatetemeka. Nikajiona mwalimu kwelikweli.

Muhula huohuo mke wangu akaanza kuvimba miguu. Akawa analala ameketi, mito miwili mgongoni, kwa sababu akijinyoosha anakosa hewa. Nikampeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaandika kwenye kadi. Mimi ndiye ninayesomea kijiji kizima kadi zao, basi nikanyoosha shingo. Katikati ya mwandiko ule mbaya nikaliona neno langu.

"Daktari, hii gallop ni ya nini?"

Akavua kile kipimo cha masikioni, akanipa. "Sikiza mwenyewe, Mwalimu. Moyo ya kawaida inapiga mbili. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya. Moyo imechoka kusukuma damu."

Nikasikiliza. Darasa langu zima lilikuwa ndani ya kifua cha mke wangu.

Daktari alitupatia vidonge vya wiki mbili. Pigo la tatu likiondoka, heri. Lisipoondoka, twende hospitali kubwa Kisumu bila kuchelewa. Hapo mke wangu akanishika mkono kwa nguvu. Mama yake alipelekwa Kisumu akarudi ndani ya sanduku.

"Kisumu siendi," akasema. "Afadhali mnizike hapa hapa."

Basi kila asubuhi, kabla ya kengele, nilibandika sikio mgongoni pake.

"Unasikia ngapi?"

"Mbili."

Nilikuwa nasikia tatu. Nilidanganya siku kumi na mbili mfululizo. Nilijiambia ninamtuliza, kumbe nilikuwa naiogopa Kisumu kuliko alivyoiogopa yeye.

Siku ya kumi na tatu niliingia darasani, wakanipokea kama kawaida yao.

"Walk!" nikapiga kelele. "Gongeni walk!"

Wakagonga. Mawili, mawili. Walipotaka kuacha nilikataa. Waligonga kipindi kizima, wengine machozi yanawatoka kwa vidole kuuma, nami nimesimama mbele ya ubao nimefumba macho, namwomba Mungu mdundo ule uvuke uwanja, ufike kwenye nyumba za walimu alikokuwa ameketi mke wangu, umwingie kifuani. Sasa naona aibu, lakini siku ile niliamini. Mwalimu mkuu akaja mlangoni.

"Mwalimu, kuna nini hapa?"

Watoto waliacha kugonga kengele ilipolia.

Nilimkuta mke wangu kwenye kizingiti, kiganja kifuani.

"Hiyo kitu mlikuwa mnagonga, nimeisikia," akasema.

"Ni somo tu."

"Nimejaribu kuifuata, Mwalimu. Nimejaribu mpaka jasho. Imenishinda." Akatulia kutafuta hewa. "Aol. Nimechoka kabisa. Na wewe umekuwa ukisikia tatu, sindiyo?"

Nikaketi kando yake kizingitini.

"Basi nipeleke Kisumu."

Tulisafiri kesho yake. Daktari wa kule alisoma kadi, akaniuliza kwa nini tumechelewa hivyo. Siku ya sita nilimrudisha nyumbani kama mama yake.

Baada ya mazishi nilikwenda darasani. Watoto wote arobaini walisimama kunisalimu, kisha wakaketi, mikono wameificha chini ya madawati.