Sayari ya Watu wa Mikono Minne

Juzi mjukuu wangu alinisomea kwenye simu yake kwamba wataalamu wameona sayari inayozunguka nyota nyingine, mbali kabisa, na wanakisia huko hunyesha mvua ya chuma. Nikacheka hadi chai ikanipalia. Chuma tu? Rafiki yangu, mimi nilichora sayari nzuri kuliko hiyo nikiwa msichana wa miaka tisa hapahapa Lubumbashi, enzi ikiitwa Élisabethville.

Mtawa wa kizungu aliyetufundisha, tuliyemwita Mamere, alituambia kila nyota ni jua, na huenda jua hilo lina dunia yake. Tuichore, akasema. Mshindi angepata kalamu kumi na mbili za rangi, zilizokuwa juu ya kabati lake. Nilizitaka mno kalamu zile.

Basi nikatafuta shauri nyumbani, mtaa wa Kamalondo. Nkambo, bibi yangu mzaa mama, alikuwa akikaanga bitoyo, wale samaki wa chumvi wa Kasenga ambao harufu yao hukupokea njiani kabla hujafika mlangoni. Akaagiza mto ambao samaki wake hutoka wenyewe, hujitia chumvi, hujianika, kisha hubisha hodi. Nikachora. Baba, aliyefanya kazi kwenye tanuri la kuyeyushia shaba, alitazama karatasi akaguna.

"Shemine iko wapi?"

"Kule hakuna shemine, baba."

"Sasa bantu banakulaka nini?"

Nikachora bomba la moshi kama la kazini kwake, refu hadi likagusa moja ya majua mawili niliyoipa sayari yangu.

Watu wenyewe niliwapa mikono minne: miwili ya kusonga bukari, ugali wetu, mmoja wa kubeba mtoto, na wa nne wa kumzaba kofi yule mtoto mwingine anayechungulia chungu. Jirani yetu fundi cherehani alikasirika kweli kweli. "Mikono ine? Nikiwa nabapima na mikono yangu mbili, beye na zile ingine mbili bataniiba sindano!" Nkambo akamjibu kwamba mchagua jembe si mkulima.

Siku ya zawadi Mamere aliinua karatasi yangu mbele ya darasa. Akawasifu samaki. Akaicheka ile mikono. Moyoni nilikwisha kuzichonga zile kalamu. Kisha kidole chake kikasimama katikati ya mchoro.

"Na hapa patupu ni nini?"

"Njo kiwanja katikati ya mutaa yetu na muji ya bazungu, Mamere."

"Kule pia kuko bazungu?"

"Apana, Mamere. Bado habajafika."

Mamere akawa mwekundu hadi shingoni. Kalamu zikaenda kwa msichana aliyechora malaika, na wala hawakuwa malaika wazuri. Nililia njia nzima. Baba aliposikia alicheka hadi akakaa chini, halafu akaniuliza nani aliniambia nikiweke kile kiwanja. Hakuna aliyeniambia. Wazungu walikiacha kitupu ili tukae mbali nao; watu wa mtaa wetu hawakuruhusiwa kujenga pale, nami nilidhani kila mji duniani una mahali kama pale.

Nkambo, baba na fundi wote wametangulia. Kiwanja chenyewe kimejaa nyumba na maduka. Ukiniomba nikuonyeshe kilipoanzia, nitakudanganya. Kalamu nilishazisamehe. Kinachoniuma ni kwamba nilipewa dunia nzima niipange nitakavyo, nikaijaza samaki wenye adabu na watu wa mikono minne, lakini pale kiwanjani sikuthubutu kuchora hata kibanda.