Mteremko Uliovaa Mbao

Nyumba yetu ya Nyabiondo imesimama juu ya mawe na juu ya ukaidi wa bwana yangu. Kila mtu alimwambia parseli ile, kiwanja chetu, imeinama mno. Akajibu kwamba hata sisi wenyewe tumeinama na bado tunaishi. Basi akajenga, nyumba ya mbao, nzuri, yenye harufu ya mikalitusi mibichi, sitamnyima sifa yake. Lakini mvua ya kwanza iliosha udongo mbele ya mlango, na mawe mawili ya msingi yakaanza kutuchungulia kama meno ya mzee anayecheka. Niliogopa. Mvua kubwa zilikuwa bado zinakuja, na mawe yakihama, nyumba itayafuata.

Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo sitasema nilivumbua kitu. Nilikumbuka tu shamba la ndizi la mama yangu. Alifunika udongo kwa majani makavu ya migomba, mvua ikapita juu bila kuchukua chochote. Migomba sikuwa nayo. Nilikuwa na lundo la mabaki ya seremala: maganda ya miti, maranda mepesi ya randa, na ncha nzito za mbao zilizokatwa. Nikayatandaza yote kwenye mteremko, zile ncha nzito nikazilaza kwa kukingama ili zizuie mengine. Ncha zilizopakwa oili chafu ya pikipiki, dawa yetu ya mchwa, niliziweka kando nyuma ya choo. Sikutaka oili ile iingie kwenye udongo. Labda nilikosea mengine, lakini hilo nililifikiria.

Mamamkwe alikuja kuangalia.

"Sasa udongo iko na baridi, njo maana unaifunika?"

"Iko na safari, Mama. Ninaikataza kusafiri."

"Mm. Na miye ninalala na blanketi moja."

Kesho yake asubuhi nusu ya mteremko ilikuwa uchi. Mama jirani, yule anayekaa chini yetu, alikuwa ameinama pale, kitunga mgongoni, kamba ya kitunga kwenye paji la uso, anaokota.

Hapa lazima niseme ukweli wote. Kwetu, mwanamke aliyesaidia kubeba mawe ya msingi ndiye mwenye mabaki ya mbao. Hakuna anayetangaza. Unakuja, unachukua, unapika. Na mama huyu alibeba mawe yetu kuliko hata wadogo wa bwana yangu, ambao walibeba zaidi maneno. Kwa hiyo hakuwa mwizi. Yeye ndiye aliyeshangaa kuniona nimekunja uso.

"Dada, kuni zangu nani alizimwaga hivi? Ninaokota kimoja kimoja kama kuku."

"Mama, ile si kuni. Inashikilia udongo."

"Mbao haijue kushikilia udongo. Inajua maharagwe."

"Nyumba itaanguka!"

"Ikianguka nitapata kuni mingi zaidi."

Nilicheka, na hasira ikanitoka kabla sijaitumia.

"Halafu," akaendelea, "zile za nyuma ya choo ziko na ugonjwa gani? Maharagwe yangu ya jana ilinuka pikipiki. Watoto walikula wakisema vrum."

Nilimwomba achukue maranda, aniachie ncha nzito. Akakataa. Maranda yanaungua kabla hujatia chumvi, ncha nzito ndizo zinazoivisha maharagwe. Alikuwa na haki. Mimi pia nilikuwa na haki. Hilo ndilo linalonichosha: haki iliwatosha watu wawili, mbao hazikuwatosha. Mwisho tuligawana. Upande aliokwisha kuokota ukawa wake, upande wa pili ukabaki wangu. Bwana yangu alisema nimegawa nyumba yake ili jirani achemshe maharagwe. Nikaenda kufagia.

Mvua ilishuka siku hiyohiyo mchana. Upande wangu maji yalipita polepole, yakigonga mbao na kuzunguka. Upande wake udongo ulichukuliwa wote, ukashuka kwa njia, ukaingia jikoni kwake. Jiwe la tatu likatokeza. Nilikuwa ninalitazama hilo jiwe, nikasikia kelele zake kutoka chini kabla mvua haijakatika.

Akapanda na kitunga chake. Nikatayarisha mdomo. Ndani ya kitunga kulikuwa na ncha zote ambazo hakuwa amezichoma.

"Udongo yako iko ndani ya sufuria yangu."

"Pole, Mama."

"Usinipe pole. Onyesha vile unazipanga."

Tukazilaza pamoja, naye akizililia moja moja: hii ingepika majani ya sombe, hii ingepika viazi, hii ilikuwa ya siku ya wageni. Nikamwahidi matawi ya mikalitusi ya bwana yangu, ambaye sikuwa nimemuuliza.

Mvua kubwa zimepita, mawe hayajahama. Sijui ni mbao ao ni Mungu alituhurumia. Bwana yangu anasema ni mawe yake yalipangwa vizuri, na labda iko kweli. Mama jirani hana mashaka hata kidogo. Juzi nilimsikia anamfukuza mwanamke mwingine aliyepita na kitunga:

"Wacha pale! Ile si kuni. Iko kazini."