Mawe Yaliyopita Makavu

Kwenye kiwanda cha mbolea walimwita Jicho, maana jiwe la chokaa halikuwahi kumpita. Mawe ya kutengenezea mbolea na ya chokaa hutoka shimo moja, yameshikana kama mume na mke wasiopendana. Yakiwa makavu, vumbi huyafanya yote ndugu. Ukiyamwagia maji ndipo la mbolea hugeuka kahawia na la chokaa hubaki jeupe. Jicho na wenzake walisimama kando ya mkanda uliobeba mawe, wakichomoa meupe na kuyatupa.

"Chagua vizuri, dada," mdogo wake alizoea kumtania, kwa kuwa yeye alikuwa kule mbele, kwenye tangi la asidi ya kuyeyushia mawe. "Chokaa ikiingia, tangi linafura povu kama maziwa jikoni. Nitakuja kukudai sura yangu."

"Sura ipi? Hiyo hata povu litaikimbia!"

Shimo lilipofika penye udongo mwingi, maji ya kuoshea mawe yaligeuza udongo ule uji, ukaziba mashine ya kusaga. Msimamizi akafunga bomba la maji.

"Sasa tutaonaje?" Jicho akamuuliza.

"Si wewe ndiye Jicho? Ona."

Siku hiyohiyo tangi likafurika. Mdogo wake alitolewa amefunika uso kwa mikono, na tangu hapo hakuona tena. Msimamizi akasema wanawake wa mkandani walikuwa wakipiga soga. Habari ya bomba hakuitaja, na wenzake Jicho, wenye watoto wa kulisha, wakawa mabubu. Akafukuzwa yeye peke yake.

Hilo angelimeza. Alichotaka ni mdogo wake ajue, yule aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufa. Akaenda kwake. Wifi yake alimfungulia bila kumkaribisha kiti.

"Walifunga maji, mdogo wangu. Mawe yote yalikuwa rangi moja."

Mdogo wake akaelekeza uso ukutani. "Kwa hiyo ulijua huoni."

"Nilijua."

"Na mimi ulijua niko wapi. Mbona hukuja kuniambia nitoke?"

"Ukiacha mkanda unafukuzwa."

"Si umefukuzwa, dada?"



"Nenda, wifi," mke akasema taratibu. "Anataka kulala."

Mlango ukafungwa. Alikuwa bado kizingitini aliposikia mdogo wake akiuliza, "Ameshaenda?"

"Ameshaenda."

Ndipo akaanza kulia mle ndani, kilio cha mtoto, na safari hii haikuwa kazi ya Jicho kumbembeleza.