Sambusa za Mama Zainabu

Jamani, leo sambusa zimeniaibisha.

Sisi kikundi cha majirani hapa Busanza tunajisifu kwamba mlango wetu uko wazi, kila mtu ana nafasi. Leo tulimkaribisha Mama Zainabu, fundi cherehani, Mwislamu wa kwanza kujiunga nasi.

Chakula nilisimamia mimi. Nikaagiza akabenzi.

Ndiyo, nguruwe wa kukaanga. Hata ndizi zilikaangwa kwenye mafuta yake.

Mgeni wetu akasema ameshiba. Mimi nikazidi kumbembeleza, "Onja kidogo tu," mpaka jirani yangu akanikanyaga mguu.

Ndipo Mama Zainabu akafungua kikapu chake. Sambusa za maharage, za kututosha sote.

"Sikujua nani anakula nini, dada," akaniambia taratibu. "Nikaona maharage hayamfukuzi mtu."

Nilichukua moja.

Kesho naenda kumwomba radhi. Niambieni, nibebe nini?