Chat ya game yangu ilivyomfanya mtu mwenye akili timamu aonekane amechanganyikiwa (Bujumbura, wakati wa vita)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwenye uzi wa ma-programmer naona watu wanabishana jinsi ya kusoma keyboard ndani ya game, na mmoja kasema "hicho ni kitu kidogo". Mimi hicho kitu kidogo kiliniletea aibu ambayo sijaisahau. Nasimulia kilichotokea, chumvi sitaongeza.

Ilikuwa Buja, miaka ya mwisho mwisho ya vita. Chuo leo kimefunguliwa, kesho kimefungwa. Nikapata kazi kwenye secrétariat moja pale Rohero, katikati ya mji: photocopy, kuchapa barua za watu, kompyuta sita zilizounganishwa kwa waya. Mwenye duka alikuwa Mzee Nassor, Mwarabu wa palepale Buja, familia yao ya biashara tangu babu zake.

Mchana wateja wakipungua, nikawa naandika game. Magari mawili yanafukuzana mitaani, mchezaji mmoja chumba cha mbele, mwingine chumba cha nyuma. Msiniulize kwa nini sikuweka bunduki. Za nje zilitosha.

Nikaongeza chat, wachezaji waandikiane; ulichoandika kilitokea kwenye skrini ya mwenzako tu, kwako hukukiona.

Shida ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Keyboard zetu ni za Kifaransa, Z ilikuwa ya kupeleka gari mbele na S ya kulirudisha nyuma. Ukiandika "sasa", gari linarudi nyuma mara mbili. Nikarekebisha: chat ikiwa wazi, gari halisikii kitu. Nikajiona fundi.

Sasa, pale dukani tulikuwa na dada mmoja mchapaji, Jeanine, wa mtaa wa Kinama. Kaka yake, Fidèle, alikuwa secrétaire wa ofisi kabla ya bomu kuanguka karibu na kwao. Kipande kimoja kilipita kooni, kingine mkononi. Alipona, anasikia vizuri, ila sauti haikurudi. Na kidole gumba cha kulia hakikuweza tena kushika kalamu. Kwa mkono wa kushoto aliandika herufi kubwa zilizopinda, neno moja moja.

Watu wa mtaani walishaanza kusema kichwa nacho kiliguswa.

Jeanine aliniambia, "Mi namujua kaka yangu. Mu kichwa ni muzima. Umuache acheze kidogo hiyo game, aongee na watu."

Akamleta siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Mrefu, shati limepigwa pasi, anasalimia kwa kuinamisha kichwa. Akakaa chumba cha nyuma na dada yake. Mimi nikakaa mbele. Mzee Nassor akaja kusimama nyuma yangu, maana alikuwa anatafuta mchapaji wa pili na Jeanine alishamwambia habari za kaka yake.

Nikaandika: "Karibu Fidèle. Habari?"

Jibu likaja: "nzri sna nfrhi kwa hpa"

Nikadhani anazoea. Nikauliza alifanya kazi wapi. Likaja: "nlkwa secrtire mika sba ofsin"

Mzee Nassor alisoma yote mawili. Kisha akasema polepole, "Mi sikatai mutu. Lakini barua za watu, tukizitoa hivi, tutawaambia nini? Maskini, bomu imemuharibu."

Mlango ulikuwa wazi. Fidèle alisikia kila neno. Akasimama, akachukua koti lake, akatoka bila kututazama. Jeanine akamfuata.

Nikiri kitu hapa: mimi pia niliamini. Sikufikiria hata kidogo kwamba kosa linaweza kuwa kwenye code, kwa sababu mimi na wenzangu tuliandika na herufi hazikupotea.

Jumatatu Jeanine akaniwekea karatasi mezani. Fidèle alikwenda parokiani, akaomba mashine ya kuchapa, akaandika upya sentensi zote alizoniandikia Jumamosi. Hakuna kosa hata moja, na nukta zipo mahali pake. Chini aliongeza mstari mmoja:

"Mimi niliandika hivi. Wewe ulisoma nini?"

Nikaisoma tena toka juu.

Halafu nikaenda kuangalia code. Wakuu, game yangu ilikuwa inachungulia keyboard kila inapochora picha mpya: A imebonyezwa? B imebonyezwa? Kompyuta zile zilikuwa nzito, picha zilikuja pole pole. Sisi tuliokuwa tunadonoa kwa kidole kimoja, herufi ilikaa chini hadi ikaonekana. Fidèle alichapa kwa vidole tisa, kasi ya ofisini. Herufi ilibonyezwa na kuachiwa kabla game haijachungulia tena. Kwa game, haikuwahi kuandikwa.

Yaani alionekana mjinga kwa sababu alikuwa hodari kuliko sisi wote.

Dawa yake ilinichukua siku mbili. Acha kuchungulia. Mfumo wa kompyuta wenyewe unapanga kila herufi kwenye foleni, kwa mpangilio wake, hata é inakuja kamili. Wewe unachukua kutoka kwenye foleni hiyo, hakuna kinachopotea. Kuchungulia kubaki kwa gari tu.

Nikamwomba Jeanine amrudishe. Nilidhani hatakuja. Alikuja Alhamisi, na Mzee Nassor nilimwita mimi mwenyewe asimame palepale.

Nikaandika: "Nisamehe. Kosa lilikuwa langu, si lako. Niambie, unataka nini?"

Vidole vikasikika kule nyuma kama mvua kwenye bati. Ikatokea:

"Tangu hospitali watu wanamuuliza Jeanine mimi nataka nini. Asante kwa kuniuliza. Nataka kazi. Nataka pia chai isiyo na sukari. Mwaka mzima dada yangu ananijazia sukari ili nipate nguvu, na sikujua nimkatalie vipi bila kumuumiza."

Nikaisoma kwa sauti. Halafu tukamsikia Jeanine kule nyuma, anacheka na kulia pamoja: "We Fidèle, na ulikuwa unamaliza kikombe."

Mzee Nassor alisoma mara mbili. Akasema, "Aanze kesho." Kisha akanipita, akaenda kumshika mkono.

Nilichojifunza: mtu akionekana ana kasoro mbele yako, kagua kwanza kile chombo ulichompa azungumzie. Na kama wewe ni programmer, mjaribishe anayekuzidi kasi, usijipime mwenyewe.

Waliowahi kuhukumu mtu kwa kosa la mashine, au waliohukumiwa hivyo, wekeni yenu hapo chini. Na mafundi wa code, nikosoeni, nipo.