Kilio cha Darini Siku ya Posa ya Neema

Aibu hii nimeibeba tangu Mei na nimechoka, basi bora niiandike, pole pole kama ninavyoandika kila kitu, ninyi mcheke halafu yaishe.

Jumamosi hiyo saa nane mchana, familia ya mchumba wa dada yangu Neema ilikuwa inakuja kwetu Takoma Park, huku ughaibuni, kuposa. Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, hajalala, na ombi lake lilikuwa moja: "Huyo mnyama wa darini asinitie aibu leo." Mnyama mwenyewe ni rakuni, yule mwenye uso kama amevaa barakoa nyeusi, aliyeingia kupitia tundu la chini ya paa. Mwenye nyumba alikuwa amesema fundi atakuja Jumatatu, tusiguse kitu.

Mimi nikagusa. Saa sita nilimwona akishuka kwa mti, akafungua pipa, akala mifupa ya kuku na maganda ya tikiti, kisha akaenda kwenye nyasi kupapasa minyoo kwa vidole vyake kama mtu anayetafuta sindano gizani. Nikaona nafasi ndiyo hii, nikapanda ngazi, nikapigilia ubao kwenye tundu, misumari sita (nilijisifu mwenyewe, hakukuwa na mwingine wa kunisifu). Sikujua kwamba rakuni akila mchana mara nyingi ni mama anayenyonyesha, njaa haimruhusu kungoja usiku.

Wageni wakafika, chai ikamiminwa. Shangazi wa mchumba, mama mmoja mpana wa Greenbelt, ndiyo kwanza ameanza, "Tumesikia boma hili lina ua," mara juu ya chumba cha Neema kikatoka kilio. Kilio cha mtoto mchanga mwenye njaa, kabisa.

Shangazi akaweka kikombe. "Mama Neema, kuna mtoto nyumba hii?"

"Hakuna."

Akalia wa pili.

"Wako wangapi?"

Mama akamgeukia Neema, Neema akaanza kulia, mchumba akakazia macho zulia, na mimi hapo nikaelewa. Maneno yalikuwa manne tu: ni watoto wa rakuni. Lakini mbele ya wageni hata salamu hunikwama, nikayameza pamoja na mandazi.

"Twendeni," Shangazi akasema, mkoba tayari begani. "Watatueleza wakiwa tayari."

Tukawafuata nje tukiwasihi, na huko tukamkuta mama rakuni juu ya paa. Ubao wangu hakuugusa, alikuwa amerarua vigae kando yake. Akazama, akatoka na kitoto amekiuma shingoni, akashuka nacho mtini, akarudi. Mara nne, watu wote wamesimama na mikoba yao.

"Ni mimi niliyewafungia," nikasema hatimaye.

"Na baba yao yuko wapi?"

"Rakuni dume halei, Shangazi. Mama hulea peke yake."

"Kumbe ulimi unao!" Akacheka hadi akashika gari, wakarudi ndani, posa ikakamilika. Mama alisinzia katikati ya maombi.

Usiku Neema aliniuliza, "Ulijua, ukanyamaza?" Nikakubali. Akasema atanisamehe nikisimama kuzungumza kwenye harusi yake.

Harusi ni Oktoba. Sifungi tena tundu lolote bila kusikiliza kwanza, na nikijua neno nitalisema hata mdomo ukiwa umejaa. Hiyo hotuba nimeianza. Nina mistari miwili.