Pombe ya Masuku Iliyosugua Sufuria

Saa kumi na mbili asubuhi, Marceline Mwansa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi. Kulia kwake kuna beseni lililojaa masuku, matunda ya msituni yenye ganda la kahawia. Anachukua moja, analibana kati ya viganja mpaka ganda linapasuka, anasukuma nyama ya njano ndani ya ndoo, na ganda linaanguka miguuni. Haangalii mikono yake. Anaangalia ua wa jirani.

Ng'ambo ya ua huo anaishi Mama Élisabeth, mwenye miaka sabini na mmoja. Mjukuu wake, Joëlle, alipelekwa kujifungua jana jioni. Ni mimba ya kwanza, na mpaka sasa hakuna aliyerudi na habari.

"Mukono inafanya kazi, lakini roho iko kule," anasema Marceline.

Hatua tatu kutoka kwake, mumewe Zéphirin amechuchumaa mbele ya sufuria kubwa ya shaba. Anaisugua kwa limau na majivu. Amevaa ovaroli ya buluu ya kazini, ile ambayo watu wa hapa huiita bleu, iliyofifia magotini. Anasugua polepole, kama anayemwosha mtoto mgongo.

Marceline ana miaka arobaini na sita. Anatengeneza pombe ya matunda nyumbani: masuku mvua zikianza, kisha maembe, kisha mapera. Anapika uji wa mahindi, anauacha upoe kidogo, anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Baada ya muda mfupi uji mzito unalegea na kuwa mwepesi kama maziwa, na utamu unatoka wenyewe. Hapo ndipo anatia tunda.

Biashara hii ndiyo inayolisha nyumba. Leo ni Desemba 1995, na Zéphirin, fundi wa mabati aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili katika karakana za kampuni ya migodi, hajaona mshahara kwa miezi ishirini na sita. Jina lake bado liko kwenye karatasi za kampuni. Wateja wengi wa Marceline hawalipi kwa noti, kwa kuwa noti ya asubuhi huwa imekonda kufika jioni. Wanaleta unga. Wiki njema humpa meka tisa, kile kipimo cha bati cha sokoni, na chupa mbili za mafuta ya mawese.

Lakini ukimuuliza kuhusu siku alizoogopa zaidi, Marceline hataji njaa. Anataja ile bleu.

"Mushahara ilipokatika, baba Carine alikuwa anaamuka asubuhi, anavaa bleu yake, anakaa hapa ku kigoda," anasimulia. Carine ni binti yao mkubwa, ameolewa Kolwezi. "Anaangalia ukuta. Magaribi anavua bleu, analala. Kesho tena vile. Haongee. Minye niliogopa ile bleu kupita njala."

Zéphirin anasikia, wala hapingi. "Nilikuwa kama muntu mwenye banasahau ku gare ya treni," anasema, na kurudi kwenye limau lake.

Aliamka kutoka kwenye kigoda kile mwezi wa Mei mwaka jana. Mjomba wake alikuwa amemwachia pipa la shaba la mtambo wa zamani wa kuchemsha maji. Zéphirin alilikata, akaligonga kwa nyundo wiki tatu, akalitia misumari ya ribiti na vishikio viwili. Ikatoka sufuria ya lita tisini, nyekundu kama mawio. Watu walikuja kuitazama kama vile amenunua gari.

"Nikamuambia: mama Carine, mukuba ilikomesha baba yangu, ikanikomesha minye," anasema Zéphirin. Mukuba ndilo jina la shaba hapa, na kukomesha ni kulea. "Sasa itakomesha pombe yako."

Toka siku hiyo, anasema Marceline, mumewe alianza tena kuongea mezani. Alianza hata kulalamika kuhusu chumvi. "Nilifurahi! Muntu mwenye analalamika juu ya chumvi, huyo ni muzima."

Kwa miezi sita sufuria ilifanya kazi ya kupika uji tu. Uji ukipoa, Marceline aliuhamishia kwenye madumu ya plastiki, akatia mizizi na tunda humo, na humo ndimo pombe ilimochachuka. Hakuna aliyepata shida.

Kisha ikaja harusi ya Joëlle, Novemba mwaka jana.

Mama Élisabeth aliagiza lita themanini za pombe ya masuku kwa Jumamosi. Siku ya Jumanne Marceline alihesabu madumu yake, akakuta mawili tu. Mengine yalikuwa yamekwenda kuteka maji msibani, na madumu ya msibani hayaitwi nyumbani kabla kilio hakijaisha. Zéphirin akatoa wazo.

"Sufuria iko. Juu ya nini kuhamisha? Iache humu humu."

Wazo halikuwa la kijinga. Katika mji huu, shaba ndiyo iliyojenga nyumba, shule na kanisa. Nani angeiogopa? Marceline akatia mizizi na masuku ndani ya sufuria, akafunika kwa kitambaa safi, akaiacha siku tatu.

Alhamisi jioni Zéphirin alichota vikombe viwili vya kuonja. Kimoja akanywa mwenyewe. Kingine akampelekea Mama Élisabeth, kama bibi wa mwenye harusi.

Ijumaa asubuhi Marceline alifunua. Harufu ilikuwa nzuri. Akaanza kuchota na kuchuja. Pombe iliposhuka kiganja kimoja, akaona kitu kilichomsimamisha na kata mkononi. Ndani ya sufuria, ambako tangu Mei kulikuwa na weusi wa moto na uji, sasa kuling'aa.

Maneno yaliyofuata wote wawili wanayakumbuka.

"Baba Carine, ni weye mwenye ulisugua sufuria?"

"Minye? Nitasugua namna gani, na pombe iko ndani?"

"Basi ni nani?"

Zéphirin alikuja kuchungulia, akacheka kwa fahari. "Unaona? Mukuba ya muzuri inajisafisha yenyewe."

Marceline hakucheka. Alikuwa akikumbuka jambo ambalo kila mama wa Likasi analijua: shaba husuguliwa kwa kitu kikali kama limau, na maji yanayobaki huwa ya kijani kibichi. Maji hayo hayapewi hata kuku.

"Nikajiuliza: limau inasugua, na uchafu inaenda mu maji. Sasa yetu, masuku imesugua. Uchafu imeenda wapi?" Akapitisha kidole kwenye ukingo. Kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani, umezunguka kama uliochorwa kwa kalamu.

Hapo ndipo Zéphirin aliposema kwa sauti ndogo kwamba tumbo lilimsumbua usiku kucha. Alikuwa ametapika mara mbili. Alidhani ni majani ya mihogo.

Marceline akakumbuka kikombe cha pili.

Alikimbia na ndala moja mguuni. Alimkuta Mama Élisabeth mlangoni pake, akichagua maharage.

"Mama! Ile kikombe ya jana, ulikunywa?"

Bibi aliangalia maharage yake.

"Ilikuwa muzuri sana, mwanangu. Aksanti."

"Mama, ulikunywa ao hapana?"

"Unanipigia makelele juu ya nini? Nimesema ilikuwa muzuri."

"Mama Élisabeth, ninakulomba. Sema kweli."

Kisha bibi akaelekeza kidole kwenye mpapai wake kando ya choo.

"Nilionja kidogo ku ulimi. Ilikuwa kama ninalamba mufunguo. Nikamwangia papai. Usinikasirikie. Weye unanipatia kikombe ya bure kila wiki, minye nitakuambia namna gani kama ni mubaya?"

Marceline aliketi chini, pale pale kwenye maganda ya maharage, akacheka na kulia kwa pamoja. Mama Élisabeth, asiyeelewa kitu, alimfuta uso kwa ncha ya kitenge chake na kumpa maji.

Aliyethibitisha mambo ni mzee Alexis, jirani wa nyumba ya tatu, aliyefanya kazi miaka thelathini katika maabara ya kiwanda kabla ya kustaafu. Alikuja na msumari mpya wa chuma, akautumbukiza katika kikombe cha pombe, akaomba kiti. Akingoja, alimpa Zéphirin maziwa na kumwamuru anywe polepole. Baada ya saa moja aliutoa msumari. Ulikuwa umevaa ngozi nyembamba nyekundu.

"Kule kazini tulikuwa tunatafuta mukuba mu mawe, na machine kubwa kubwa," alisema mzee. "Leo njo naipata mu pombe. Mama Carine, weye uko na mugodi hapa!"

Hakuna aliyecheka sana. Mzee Alexis akaona uso wa Zéphirin, akabadili sauti. Akamweleza kwamba sufuria haikuwa na kosa, wala fundi. Maji na uji haviiumizi. Kilichofanya kazi ni ukali wa tunda, na zile siku tatu.

Marceline anasema wakati huo hakuwaza lita themanini, wala harusi ya kesho. "Niliwaza kigoda. Nikasema, sasa atarudia ku kigoda, na safari hii hatatoka."

Zéphirin alishika vishikio viwili alivyovitia kwa mkono wake, akaiinua sufuria pamoja na mzee Alexis, wakaenda kuimwaga yote katika shimo la choo, mbali na bustani. Kisha akaipindua nyuma ya nyumba, mdomo chini.

Nani alieneza habari, Marceline hajui mpaka leo. Anachojua ni kwamba kabla ya saa sita mchana uani palikuwa na madumu tisa yaliyooshwa, na mengine yalitoka kule kule msibani. Mzee Alexis alileta ndoo mbili nyeupe zenye vifuniko. Mwanamke anayeuza masuku, atokaye upande wa Kamatanda, alishusha beseni zima na kukataa unga. Ni zawadi ya bibi harusi, alisema, akaenda zake hata jina hakuacha. Mama Élisabeth alikuja na maharage yake ili aendelee kuyachagua karibu na wanaofanya kazi.

"Kama hakuna pombe, tutakunywa maji na tutacheza vile vile," aliwaambia.

Pombe ya siku tatu haiwezi kutengenezwa kwa usiku mmoja. Kilichotoka Jumamosi kilikuwa kinywaji kitamu, chepesi, chenye mchemko mdogo ulimini. Mjomba wa bwana harusi alikipokea kwa mashaka.

"Hii ni pombe ao ni dawa ya batoto?"

"Onja kwanza, muzee," Marceline alimjibu.

Alionja. Alirudi mara nne. Wanakwaya walikunywa, akina mama wanaonyonyesha walikunywa, na hakuna aliyeamka Jumapili ameshika kichwa. Tangu siku hiyo wateja wanaomba "ile ya harusi". Leo zaidi ya nusu ya anachouza Marceline ni masuku ya usiku mmoja, yote ndani ya plastiki nyeupe.

Na sufuria? Ilibaki imepinduliwa wiki tano. Zéphirin alirudi kwenye kigoda, ndani ya bleu, akiangalia ukuta, kama mkewe alivyoogopa.

Siku moja Mama Élisabeth alipita kwenye pengo la ua. Nyumba ya pili mwanamke alikuwa amerudi na mtoto mchanga, na hapakuwa na chombo cha kuchemshia maji ya kuwaoshea mama na mtoto.

"Baba Carine, ile sufuria yako inalala bure. Nipatie."

"Mama, ile sufuria iko na sumu."

"Tutaoga maji, hatutaikunywa. Na maji ya kuoga haikai siku tatu. Nimeshauliza muzee Alexis. Simama, uibebe, minye mifupa yangu imezeeka."

Akasimama. Tangu hapo sufuria imekwenda katika nyumba kumi na moja zenye watoto wachanga, na kila mara anaibeba Zéphirin mwenyewe, anawasha moto mwenyewe, na kungoja nje mpaka maji yaishe. Wengine wameona kazi ya mikono yake na kumwagiza mbabula, majiko ya makaa. Sasa anatengeneza matatu au manne kwa wiki kwa mabati ya zamani.

Marceline naye ana mpango. Masista wa parokia wamemwomba masuku ya usiku mmoja kwa komunyo ya kwanza mwakani. Matunda yatakuwa yamekwisha, hivyo amejaribu mapera, na mzee Alexis amekubali kuja na msumari wake kila mara, ili watu watulie roho. Anataka kibanda chenye paa, mapipa meupe sita, na kata ya mti.

Anazungumza hivyo, masuku yakipasuka viganjani, wakati sauti ya Mama Élisabeth inapotoka ng'ambo ya ua, nyembamba na yenye furaha.

"Baba Carine! Sufuria! Ni mwana mwanamuke! Na mama yake iko muzima, anaomba kula bukari!"

Marceline anafunga macho. Anashusha pumzi ndefu, kama aliyetua mzigo alioubeba tangu jana jioni. Ngumi yake imeponda tunda zima, na haoni.

Zéphirin amekwisha simama. Anaimwagia sufuria maji ya mwisho, anaifuta, anaiweka begani.

"Vaa viatu!" mkewe anamwita.

Hasikii. Amekwisha kupita penye pengo la ua, miguu mitupu, shaba inang'aa juu ya bega la bleu.

Marceline anamtazama mpaka anapotea nyuma ya mpapai.

"Unaona?" anasema, akinyoosha mkono kuchukua tunda lingine. "Anaenda ku kazi."